Ubongo Ukiwa Lindoni: Kwa Nini Umakini Hupungua na Nini Kifanyike

Saa tatu asubuhi, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya huketi mbele ya hadubini na kuweka slaidi ya kwanza. Anatafuta kimelea cha malaria: kidoa chekundu kilichoshikamana na uzi mwembamba wa buluu, ndani ya tone la damu lililotiwa rangi. Kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, slaidi haitangazwi kuwa haina vimelea mpaka msomaji apitie angalau viwanja 100 vya kuonea. Slaidi ya kwanza husomwa kwa macho makali. Inapokaribia saa saba mchana foleni bado ipo, na karibu slaidi zote zilizopita hazikuwa na kitu. Macho yale yale, yenye ujuzi ule ule, yakitazama kupitia lenzi ile ile, yanaweza sasa kupita juu ya kimelea bila kukiona. Mtoto aliyetolewa damu hiyo hurudishwa nyumbani na jibu kwamba hana malaria.

Kosa la namna hiyo linapogunduliwa, neno la kwanza kutamkwa huwa ni uzembe. Msomaji huitwa, huonywa, na hutakiwa kuongeza bidii. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya miaka 70 kuhusu ubongo unaonyesha kwamba, mara nyingi, uzembe si utambuzi sahihi wa ugonjwa huu, na kwa hiyo onyo si tiba yake. Makala haya yanaeleza jinsi ubongo unavyoshikilia umakini kwa muda mrefu, kwa nini umakini huo hupungua hata kwa mtu hodari, na hatua ambazo watumishi wa afya, wagonjwa na jamaa zao wanaweza kuchukua.

Lindo ni kazi ya namna gani

Umakini una sura nyingi. Kuna umakini wa kuchagua, kama vile kusikiliza sauti moja katikati ya soko. Kuna umakini wa kugawa, kama vile kupika huku ukimchunga mtoto. Umakini unaozungumzwa hapa ni ule wa kudumu: uwezo wa kubaki tayari kwa muda mrefu, ukingoja jambo dogo ambalo huenda litatokea na huenda lisitokee. Kiswahili kina neno linalofaa kwa kazi ya aina hiyo, nalo ni lindo.

Kazi ya lindo ina sifa nne. Huchukua muda mrefu; ishara inayotafutwa ni adimu; ishara hiyo ni hafifu au fupi; na haijulikani itakuja lini. Mlinzi wa getini na dereva wa lori usiku wa manane wako lindoni. Katika huduma za afya, walio lindoni ni wengi zaidi kuliko inavyodhaniwa: mtaalamu wa usingizi anayefuatilia pumzi ya mgonjwa wakati wa upasuaji mrefu, mkunga anayefuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, msomaji wa picha za eksirei, na mama anayekesha kando ya mwanawe mwenye nimonia. Wote hao wana mzigo mmoja: kutazama kisichobadilika ili wasipitwe na badiliko moja.

Saa isiyo na tarakimu

Uchunguzi wa kisayansi wa jambo hili ulichochewa na vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zilizunguka juu ya bahari zikitafuta nyambizi za Ujerumani kwa rada. Waendeshaji wa rada, vijana waliofunzwa vizuri na wenye macho mazima, walionekana kupitwa na alama za nyambizi baada ya kutazama kioo kwa muda. Mwanasaikolojia Norman Mackworth, akiwa Cambridge, aliombwa kuchunguza sababu.

Mackworth alitengeneza chombo kilichofanana na saa ya ukutani isiyo na tarakimu. Mshale wake uliruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, kwa vipindi visivyotabirika, uliruka hatua mbili kwa pamoja. Mshiriki alitakiwa kubonyeza kitufe kila aonapo mruko huo wa hatua mbili, na kuendelea hivyo kwa saa 2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1948 yalishangaza. Umakini haukushuka mwishoni mwa saa ya pili, pale ambapo mtu angetarajia uchovu. Sehemu kubwa ya upungufu ilijitokeza ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha kiwango kikabaki chini.

Mackworth aligundua pia mambo matatu ambayo bado yana thamani. Washiriki waliopokezana, nusu saa kazini na nusu saa mapumzikoni, hawakushuka. Walioambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa walidumisha kiwango chao. Waliopigiwa simu katikati ya kazi na kuhimizwa wajitahidi zaidi walipanda kwa muda, kisha wakashuka tena. Himizo, kwa maneno mengine, lilikuwa na nguvu fupi, ilhali mpangilio wa kazi ulikuwa na nguvu ya kudumu.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapokuwa umetulia. Hakuna kituo kimoja ndani yake kinachoitwa kituo cha umakini. Kuna sehemu kadhaa zinazoshirikiana, na ushirikiano huo unaanzia chini kabisa, katika shina la ubongo.

Mwaka 1949, Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha kwamba kusisimua kwa umeme mtandao wa seli ulio katikati ya shina la ubongo wa paka kulibadilisha mawimbi mapana ya usingizi kuwa mawimbi ya haraka ya mnyama aliye macho. Mtandao huo ndio unaowasha ubongo. Ndani ya shina hilo hilo mna kiini kidogo chenye rangi ya buluu, ambacho ndicho chanzo kikuu cha noradrenalini katika ubongo. Ingawa ni kidogo mno, nyuzi zake husambaa karibu kila pembe ya gamba la ubongo.

Noradrenalini hufanya kazi kama chumvi katika mchuzi. Ikiwa kidogo mno, mtu husinzia na ishara hupita bila kuonwa. Ikizidi, mtu hupaparika, hugeukia kila sauti, na hushindwa kukaa na jambo moja. Umakini bora huhitaji kiwango cha kati. Ndiyo maana chumba kilicho kimya kabisa, chenye joto na mwanga hafifu, ni mahali pabaya pa kushika lindo. Na ndiyo maana chumba chenye makelele na taharuki nacho ni kibaya vilevile.

Juu ya shina, kazi hushikwa na gamba la ubongo, hasa upande wa kulia. Mwaka 1991, José Pardo, Peter Fox na Marcus Raichle walipima mtiririko wa damu katika ubongo wa watu waliokuwa wakingoja badiliko dogo katika mguso kwenye kidole cha mguu, au kufifia kidogo kwa mwanga. Maeneo yaliyoongeza kazi yalikuwa ya mbele, nyuma ya paji la uso, na ya utosini, hasa upande wa kulia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba upande huo wa kulia ulifanya kazi bila kujali kama mguso ulikuwa kwenye mguu wa kulia au wa kushoto. Hii inasaidia kueleza kwa nini mgonjwa aliyepata kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, hata kama anaongea vizuri, anaweza kushindwa kushikilia zoezi la viungo kwa dakika chache au kukumbuka kuangalia upande wake wa kushoto anapotembea.

Kushuka kwa umakini huonekana pia katika umeme wa ubongo. Daktari Hans Berger wa Ujerumani alirekodi umeme huo kwa mwanadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Aliona mawimbi yanayojirudia takribani mara 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo huongezeka mtu anapofumba macho na kutulia. Mawimbi hayo huitwa alfa. Kwa mtu aliyekaa lindoni muda mrefu, mawimbi ya alfa, na hata yale ya polepole zaidi yaitwayo theta, huanza kuongezeka ingawa macho yako wazi. Aidha, wimbi linalojitokeza karibu theluthi moja ya sekunde baada ya ubongo kutambua ishara adimu huwa dogo kadiri muda unavyopita. Macho bado yanatazama, lakini ubongo unapokea kidogo.

Pale umakini unapovuja

Umakini haushuki kama maji yanayopungua polepole ndani ya pipa. Huvuja kwa vipande. Mtu huwa makini kwa sekunde kadhaa, hutoweka kwa sekunde moja au mbili, kisha hurejea, mara nyingi bila kujua kwamba alitoweka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 na Daniel Weissman na wenzake ulionyesha kwamba, kabla hata ya ishara kuonyeshwa, kazi ya maeneo ya mbele ya ubongo tayari ilikuwa imepungua katika zile nafasi ambazo mshiriki alikuja kuchelewa kujibu. Kosa, basi, lilikuwa limeanza kabla ya jambo lenyewe kutokea.

Wakati huo huo, maeneo mengine huwa yanaamka. Mwaka 2001, Raichle na wenzake walieleza mtandao wa ubongo ambao huwa na kazi nyingi mtu anapopumzika na kuwaza mambo yake: ada ya shule, ugomvi wa jana, safari ya kesho. Mtu anapoanza kazi inayohitaji umakini, mtandao huo hupaswa kunyamaza. Lindo linapokuwa refu na lisilo na jipya, mawazo ya ndani hupenya tena, na sekunde ambazo mtandao huo unatawala ndizo sekunde ambazo ishara hupotea.

Wataalamu wamebishana kuhusu sababu ya msingi. Wapo wanaosema kazi ya lindo ni nyepesi mno, hivyo akili huchoka kwa upweke na kutangatanga. Wapo wanaosema kazi hiyo ni nzito mno, hivyo rasilimali za ubongo huisha. Ushahidi unaounga mkono kundi la pili una uzito. Watu waliopimwa huripoti kwamba lindo ni kazi ngumu na yenye kuchosha. Vipimo vya mwendo wa damu katika mishipa mikubwa ya ubongo vinaonyesha kwamba mwendo huo hushuka sambamba na umakini, hasa upande wa kulia; lakini haushuki kwa watu wanaotazama kioo kile kile bila kutakiwa kutafuta chochote. Kutazama hakuchoshi ubongo kiasi hicho. Kinachouchosha ni kungoja kwa wajibu.

Kwa msimamizi wa kazi, fundisho ni hili: mtumishi aliyekaa mbele ya mashine kwa saa nzima bila tukio lolote hakuwa amepumzika. Kumpa kazi nyingine ya kutazama mara baada ya hiyo, kwa hoja kwamba alikuwa amekaa tu, ni kumwongezea mzigo.

Kilicho adimu hupita kwa urahisi

Kuna hatari nyingine isiyotokana na muda pekee. Mwaka 2005, Jeremy Wolfe na wenzake waliwapa washiriki kazi iliyofanana na ukaguzi wa mizigo katika uwanja wa ndege. Kifaa kilichotafutwa kilipokuwapo katika nusu ya picha zote, washiriki walikikosa takribani mara 7 katika kila 100. Kilipokuwapo katika picha 1 tu kwa kila 100, walikikosa takribani mara 30 katika kila 100. Macho yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni matarajio. Ubongo uliozoea jibu la hapana huanza kutoa jibu hilo mapema.

Kwa Afrika Mashariki, matokeo haya yanagusa moja kwa moja mafanikio ya afya ya jamii. Zanzibar, kwa mfano, imepunguza maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa katika tafiti za jamii. Mahali kama hapo msomaji wa slaidi anaweza kumaliza siku nyingi bila kuona kimelea hata kimoja. Ugonjwa unapopungua, kila mgonjwa aliyebaki huwa muhimu zaidi, kwa kuwa anaweza kuwasha moto upya; na hapo hapo ndipo ubongo wa msomaji unapokuwa katika hatari kubwa ya kumpita. Mafanikio yenyewe huzaa ugumu mpya wa utambuzi. Hali hiyo huikumba pia maabara ya kifua kikuu na uchunguzi wa saratani katika watu wengi wasio na dalili.

Deni la usingizi

Yote yaliyoelezwa hadi sasa hutokea kwa mtu aliyelala vizuri na anayefanya kazi mchana. Usiku huongeza mambo mawili.

La kwanza ni saa ya mwili, iliyo katika kikundi kidogo cha seli ndani kabisa ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Saa hiyo hushusha joto la mwili na utayari wa ubongo usiku, na kiwango cha chini kabisa huwa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Kuna mshuko mwingine mdogo alasiri, baada ya saa nane. Mtumishi anayezunguka wodi saa kumi alfajiri anafanya hivyo wakati mwili wake wote unaamini kuwa ni wakati wa kulala.

La pili ni deni. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuvuta usingizi. Deni hilo hupimwa kwa jaribio rahisi la dakika 10 lililobuniwa na David Dinges na John Powell mwaka 1985. Mtu hungoja alama kwenye kioo, inayotokea kila baada ya sekunde 2 hadi 10, kisha hubonyeza kitufe. Akichelewa zaidi ya nusu sekunde, huhesabiwa kuwa alitoweka. Mwaka 2003, Hans Van Dongen, Dinges na wenzao walichapisha matokeo ya watu waliolala saa 4, 6 au 8 kwa usiku kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 waliishia kutoweka kama mtu aliyekesha usiku mzima. Waliolala saa 4, kama aliyekesha usiku mbili. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba hisia zao za usingizi hazikuendelea kupanda pamoja na makosa. Walidhani wamezoea, na hawakuwa wamezoea.

Ubongo wenye deni unaweza hata kulala vipande vipande. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, mnyama akicheleweshwa kulala, makundi madogo ya seli za neva hunyamaza kwa muda mfupi kama yafanyavyo usingizini, huku mnyama akiwa amefumbua macho na anatembea. Utafiti mwingine, wa mwaka 1997, ulilinganisha kukesha na pombe: baada ya saa 17 za kukaa macho, utendaji wa washiriki ulishuka kufikia ule wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu.

Athari kwa wagonjwa zimepimwa. Mwaka 2004, Christopher Landrigan na wenzake walilinganisha ratiba mbili za madaktari wa mafunzo katika vitengo vya wagonjwa mahututi mjini Boston, Marekani. Katika ratiba ya zamani, yenye zamu za saa 24 au zaidi, madaktari walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko katika ratiba iliyofupisha zamu. Madaktari walikuwa wale wale kwa elimu na kwa moyo. Tofauti ilikuwa usingizi.

Nini kifanyike kazini

Kwa kuwa chanzo ni ubongo na mpangilio wa kazi, tiba nayo ianzie kwenye mpangilio.

Kwanza, kupokezana. Pale penye watumishi wawili, kazi ya kutazama igawanywe kwa vipindi vya nusu saa hivi. Pale penye mtumishi mmoja, jambo la kawaida katika zahanati nyingi, kazi za macho zichanganywe na kazi za mikono: baada ya slaidi chache, msomaji ainuke, atie rangi slaidi nyingine, aandike rejista, anyooshe shingo, kisha arudi. Miongozo ya kimataifa ya maabara za kifua kikuu imeweka kikomo cha takribani slaidi 20 hadi 25 za makohozi kwa msomaji mmoja kwa siku. Kikomo hicho si anasa. Kinalinda majibu ya wagonjwa.

Pili, kurudisha majibu. Msomaji aonyeshwe mara kwa mara slaidi zenye vimelea vinavyojulikana, na slaidi zake zirudiwe kusomwa na mwingine asiyejua jibu la kwanza. Matokeo yaletwe upesi na bila kukaripiana. Msomaji anayejua kwamba leo mna slaidi yenye vimelea katika kisanduku chake huwa na matarajio tofauti.

Tatu, kugeuza lindo kuwa ratiba. Badala ya agizo la jumla kwamba mgonjwa aangaliwe kwa karibu, iandikwe kwamba pumzi, mapigo ya moyo na joto vipimwe saa nane, saa tisa na saa kumi, na nani atapima. Tendo lenye saa huuamsha ubongo. Agizo lisilo na saa huuacha ungoje hadi uchoke.

Nne, kutunza kengele. Mashine inayolia ovyo kila dakika huufundisha ubongo kupuuza. Viwango vya kengele virekebishwe kulingana na mgonjwa, ili inapolia iwe na maana.

Tano, usingizi mfupi wa makusudi. Katika uchunguzi wa marubani uliofanywa na shirika la anga la Marekani, NASA, waliopewa nafasi ya dakika 40 katikati ya safari ndefu walilala kwa wastani dakika 26, na umakini wao uliimarika mwishoni mwa safari ikilinganishwa na wasiolala. Zamu ya usiku inaweza kupanga nafasi kama hiyo kwa zamu, kabla ya saa tisa usiku. Anayeamka apewe dakika 15 hadi 30 za kutoka katika mang'amung'amu kabla ya kukokotoa dozi au kushika kisu.

Sita, kahawa kwa hesabu. Kafeini huziba mahali ambapo adenosini hufanyia kazi, hivyo huficha deni bila kulilipa. Huhitaji karibu nusu saa kuanza kusaidia, na nusu yake huwa bado mwilini baada ya takribani saa 5. Kikombe cha alfajiri kinaweza kumnyima mtumishi usingizi wake wa mchana. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili hulipwa kwa kulala tu.

Mwisho, anayetoka zamu ya usiku asiendeshe gari au pikipiki akiwa na usingizi. Aliyewalinda wengine usiku kucha anastahili kufika nyumbani salama.

Kwa wagonjwa na wanaowauguza

Kupungua kwa umakini kunaweza kuwa dalili. Mtu anayekoroma sana, anayeonekana kukatika pumzi usingizini na kusinzia mchana, hasa akiwa mnene au mwenye shinikizo la damu, apimwe. Huenda njia yake ya hewa huziba akiwa amelala. Upungufu wa damu, sonona, tezi ya shingo iliyo dhaifu, jeraha la kichwa na sukari iliyoshuka kwa mwenye kisukari, vyote huweza kuvuruga umakini. Dawa nazo huchangia. Klofeniramini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Piriton na huinunua kwa ajili ya mafua au mzio, husababisha usingizi. Vivyo hivyo diazepamu, amitriptilini na baadhi ya dawa za kifafa. Anayeendesha chombo cha moto au mashine amweleze daktari au mfamasia kazi yake. Hata hivyo, dawa ya kifafa isiachwe ghafla bila ushauri, kwa kuwa kifafa chaweza kurudi kwa nguvu.

Umakini unaopotea ghafla ni jambo la dharura. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri jana, na leo hawezi kufuata mazungumzo, anasinzia na kuamka, au anachanganya mahali alipo, huenda amepatwa na mkanganyiko wa akili unaotokana na maambukizi, upungufu wa maji, dawa au ugonjwa mwingine. Si uzee, wala si ukaidi. Watumishi wa vitengo vya wagonjwa mahututi hupima hali hiyo kwa jaribio dogo la lindo: hutaja herufi 10 polepole, na mgonjwa hubana mkono wa mpimaji kila asikiapo herufi A. Makosa zaidi ya mawili huashiria umakini uliovurugika. Nyumbani, ndugu anaweza kumwomba mgonjwa ataje siku za juma kinyumenyume. Akishindwa, naye aliweza zamani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatimaye, jamaa anayekesha na mgonjwa naye ana ubongo. Mama aliyekaa usiku tatu kando ya mtoto wake hatausikia mkoromo mpya wa kifua kama alivyousikia usiku wa kwanza, na hilo halipunguzi upendo wake. Familia ipange kupokezana, na muuguzi amweleze anayekesha dalili mbili au tatu mahususi za kuangalia: mtoto kupumua kwa haraka, kifua kubonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya. Ni rahisi zaidi kwa ubongo kulinda jambo linalojulikana.

Hitimisho

Umakini wa kudumu ni kazi ngumu ya ubongo, yenye gharama na kikomo. Hupungua ndani ya dakika chache, huvuja bila mwenyewe kujua, hudanganywa na uadimu wa kile kinachotafutwa, na hudhoofishwa na usiku. Bidii na maadili ya kazi vinahitajika, lakini havibadilishi maumbile hayo. Kituo cha afya kinachopanga zamu, vipindi vya mapumziko na marudio ya usomaji kwa kuzingatia ubongo ulivyo, humkinga mgonjwa dhidi ya kosa na humkinga mtumishi dhidi ya lawama asiyostahili. Slaidi iliyopitwa na msomaji wa kwanza aliyechoka ikionwa na msomaji wa pili aliyepumzika, mtoto yule wa asubuhi hupata dawa yake kabla ya jua kutua.